Pistoni Nne kwenye Mizani ya Mama

Baba alipofariki, Landrova lake tuliliuza kwa bwana mmoja wa mjini Morogoro anayependa kufufua magari ya zamani. Alikuja kulivuta kutoka Matombo, akafungua injini, na baada ya muda akanipigia simu nipitie kwake. Nilidhani ana malalamiko. Kumbe alikuwa ameniwekea pistoni moja kuukuu, kaifunga kwenye gazeti. Akasema, "Dada, chukua hii, kumbukumbu ya mzee." Niliipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani kwangu Mzumbe, nikaiweka juu ya meza ya jikoni, na nilipofungua lile gazeti harufu ya oili iliyoungua ikanipanda puani. Mtu mwingine angenusa oili tu. Mimi nilinusa na pilipili manga na iliki, vitu ambavyo havikuwapo, na ikabidi nitafute kiti.

Mimi ni Kulwa. Nilitangulia kuzaliwa, akafuata Doto, mdogo kiasi kwamba mkunga, kwa maelezo ya Mama, alimshika kwa kiganja kimoja. Majina haya si ya Uluguru. Ni ya Baba, Mnyamwezi aliyekuja Morogoro akiwa kijana kufanya ufundi wa magari kwenye mashamba ya miwa, akamwona Mama sokoni anauza iliki, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Alimfuata mpaka milimani Matombo, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa Mama, maana kwa Waluguru ardhi na watoto ni vya upande wa mama. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alipewa jembe, akalima, akatengeneza magari ya watu wote wa pande zile, akachimba nao makaburi, lakini ugeni haukumtoka. Kwenye vikao vya familia alikaa karibu na mlango na kuongea mwisho, kama ataongea.

Kulea pacha kuna masharti yake, na Mama aliyashika kuliko amri za kanisani. Magauni yetu yalikatwa kwenye kitambaa kimoja. Akininunulia mimi ndala, amenunua na za Doto. Muwa ulivunjwa katikati na kupimwa kwa jicho, na ole wake aliyemwongezea mmoja wetu kipande cha nyama mwenzake anaangalia. Watu waliamini kwamba pacha akinyimwa anachopewa mwenzake, huyo aliyenyimwa ataugua. Kitu kimoja tu hakikugawanywa. Doto alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu; mimi sikuwa nayo.

Ilipomkamata, mifupa yote ilimuuma kwa pamoja. Alikuwa halii kwa kelele. Alikunja magoti, akauma ncha ya kanga ya Mama, na macho yake yakageuka rangi ya embe bivu. Maumivu yakishapita alibaki amepungua, na mimi nikabaki vile vile, nimejaa mashavu na mikono, nakimbia na ndoo ya maji bila kumwaga. Majirani walitutania sana. Mama mmoja tuliyekutana naye kila siku bombani hakuchoka kusema, "We Kulwa, ulimmeza mwenzio tumboni, eh?" Watu wote walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya jiko kuiangalia mikono yangu. Sikuona kama ni utani. Niliona kama ni habari ambayo wakubwa wote wanaijua na wananificha nusu yake.

Landrova lilikuwa kila kitu chetu. Lilishusha ndizi na viungo mjini, lilipandisha saruji na sukari, na lilimshusha Doto hospitali hali ikiwa mbaya. Lilikuwa limeanza kutetemeka. Ukikaa mbele, meno yanagongana, na kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tairi maana boliti hazikukaa. Baba alisema injini ile iliwahi kufungwa na fundi mwenye haraka. Asubuhi moja tukiwa tunamshusha Doto, amelala miguuni kwa Mama kwa maumivu, injini ikapiga kishindo kwenye mlima kabla ya Mkuyuni, moshi ukajaa, gari likafa. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini. Mama alisimama katikati ya barabara amenyoosha mikono, akalisimamisha lori la ndizi, na Doto akafika mjini amelazwa juu ya mikungu. Alipona. Lakini Mama hakuwa mtu yule yule tena.

Baada ya hapo ndipo Mjomba alipokuja. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama, mwalimu, mwenye nyumba Kihonda mjini, na neno lake kwetu lilikuwa la mwisho. Tulipiga magoti, tukamwamkia. "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia marahaba, akatuvuta sote wawili mbele yake, akanishika bega langu, kisha akashika la Doto, jinsi watu wanavyochagua mananasi.

"Huyu mkubwa yuko imara," akamwambia Mama. "Huyu mdogo amekuwa mwepesi mno. Hapa si mahali pake. Nitakaa naye mimi, hospitali iko karibu."

Mama aliangalia chini. Baba, pale mlangoni, alisema, "Sawa, shemeji, tutazungumza," na sisi tukafukuzwa tukacheze nje.

Sikusikia walichozungumza. Nilichosikia ni alichotuambia Baba kesho yake, amechuchumaa mbele yetu karibu na gari. Doto alikuwa amemuuliza kama kweli atapelekwa kwa Mjomba peke yake. Baba alimfuta kamasi kwa kitambaa cha oili, akamwachia mstari mweusi shavuni. "Gari likipona," akasema, "Doto haendi popote. Maumivu yakimshika asubuhi, mchana tuko hospitali, jioni tumerudi. Kwa nini akaishi kwa watu wakati kuna gari?" Nilimwamini kwa moyo wangu wote. Tangu saa ile nililipenda lile gari bovu kuliko ng'ombe, kuliko Krismasi.

Injini ikashushwa kwa mnyororo, ikafunguliwa juu ya turubai kwenye kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba. Vyuma vilioshwa kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Kranki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, ulipelekwa mjini kuchongwa upya. Pistoni mpya hazikupatikana. Baba alizunguka gereji za Morogoro mpaka Dumila, akarudi na pistoni nne zilizotumika kidogo, kila moja imetoka kwenye gari lake. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa, kama vikombe vya seti moja. Baba alizipanga juu ya ubao, akaziangalia kwa mashaka, akaingia ndani na kutoka na mizani ya Mama.

Ilikuwa mizani ya sahani mbili za shaba, ambayo Mama alipimia iliki na pilipili manga anaponunua kwa wakulima. Hakuna mtu aliyeigusa bila ruhusa.

"Baba Kulwa," Mama alisema kutoka jikoni, "hiyo ni mizani ya iliki. Si ya vyuma."

"Nitaifuta, Mama Kulwa."

"Na harufu utaifuta na nini? Watu watasema iliki yangu inanuka gereji."

Lakini alimwachia. Baba akaweka pistoni moja upande huu na nyingine upande ule. Sahani moja ikazama. Nilishangaa, maana zilikuwa sawa kwa kila kitu nilichoweza kuona. Akamwambia Doto achukue punje za pilipili manga aziweke moja moja kwenye sahani iliyo juu, mpaka sahani zilingane. Doto aliipenda kazi ile. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuchota maji wala kupanda mlima, vidole vyake vilikuwa vimezoea mambo madogo. Alidondosha punje, akasubiri, akadondosha nyingine, amekata pumzi, na sahani zilipokutana alizihesabu punje na kutangaza jinsi nzito ilivyozidi. Hivyo ndivyo walivyoijua iliyo nyepesi kuliko zote. Baba akaichora alama kwa chaki, akaiweka pembeni.

Kisha akaibana moja ya zile nzito kwenye jiliwa, taratibu, kwa vitambaa, akaigeuza kinywa juu, akaanza kuisugua kwa tupa upande wa ndani. Unga wa chuma ukawa unadondoka kwenye gazeti. Nilikuwa nimekaa juu ya debe, na swali langu nalikumbuka mpaka leo.

"Baba, kwani ikiwa nzito kidogo kuna nini?"

"Hizi zinapanda na kushuka haraka kuliko jicho lako," alisema. "Moja ikizidi uzito, inaivuta injini nzima kwake. Gari linatetemeka. Boliti zinalegea moja moja. Mwisho kinakatika kitu, na wewe unakaa mlimani na mtoto mgonjwa."

"Kwa hiyo ile nyepesi ndiyo mbovu?"

"Hapana. Nyepesi haina kosa. Na huwezi kuiongezea chuma. Ni nzito ndiyo inayopunguzwa, kidogo kidogo, mpaka ifike alipo mwenzake."

Aliongea habari za vyuma, maskini, hata hakuniangalia. Mimi nilisikia habari zangu. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwangu: yule mama wa bombani, Mjomba na bega langu, nyumba yetu ambayo siku hizo ilikuwa haikaliki kwa maneno ya Mama na ukimya wa Baba. Kuna mmoja humu ndani aliyezidi. Doto hana kosa, na hawezi kuongezewa. Haja ya kumuuliza mtu mwingine sikuiona.

Kupunguza nilianza chakula cha jioni siku hiyo hiyo. Kuacha kula kwenye nyumba yenye pacha si kazi rahisi, maana Mama alitupakulia kwenye sahani mbili zinazofanana na alikagua zote. Nilijifunza ufundi. Tonge nililibana shavuni, nikatoka kama naenda chooni, nikalitema kwenye migomba. Uji wa asubuhi niliwapa kuku nyuma ya jiko, nao wakanenepa mpaka Mama akawasifu. Shuleni nilisema nimekula nyumbani na nyumbani nikasema nimekula shuleni. Matombo si mahali pa kuona njaa. Ndizi zinaivia mikononi, mafenesi yanapasuka na kunukia njia nzima, na mchana kila nyumba inachemsha maharage kwa nazi. Nilitembea katikati ya vyote hivyo nameza mate na kujihesabia punje. Leo nimepungua punje moja. Leo nyingine. Tumbo likiuma sana nililala kifudifudi kwenye jiwe lenye jua, na nilipoona maumivu yale nilifurahi, nikisema sasa na mimi nayajua kidogo ya Doto.

Kazi ya Baba nayo haikwisha. Pistoni zilisuguliwa, zikapimwa, zikafungwa kwenye vitambaa, kesho yake zikafunguliwa tena. Akamaliza zile akahamia konrodi, yaani mikono ya chuma inayoshika pistoni, ambayo hupimwa ncha moja moja: hii inaning'inizwa kwa kamba, ile inalazwa kwenye sahani. Kisha akarudi kwenye pistoni. Siku moja Doto alimwambia, "Baba, zimelingana. Ona, hakuna hata punje." Baba aliinama kuiangalia mizani muda mrefu. "Bado kidogo," akasema. "Jicho linadanganya." Akachukua tupa.

Mama alikuwa anachemka. Kranki ilikwisha kurudi kutoka mjini, imefunikwa gunia, inasubiri. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilele asubuhi, na kila mtu alijua mvua ikikolea barabara itakatika. Katikati ya kungoja huko Doto akashikwa tena, akalazwa kwenye zahanati ya masista akitundikiwa maji, na Mama alirudi kuchukua nguo akamkuta Baba kwenye kibanda ana pistoni mkononi.

"Mtoto analia mifupa, wewe unapima vyuma kwa pilipili!" Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Funga gari, Baba Kulwa! Nimekwambia funga gari!"

"Nikilifunga vibaya litatufia tena mlimani. Umesahau?"

"Sijasahau. Wewe ndiye uliyesahau tulichokubaliana."

Baba akairudisha pistoni kwenye jiliwa. Nilichukua maneno yale nikayaelewa kwa namna yangu: walikubaliana gari lipone ili Doto abaki, na Baba anachelewa kwa sababu ya uzito. Nikaona na mimi nachelewa. Jioni ile sikunywa hata chai.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na ubao uliolazwa juu ya gogo, tunakaa huku na huku, mmoja apande mwingine ashuke. Tangu tulipokuwa wadogo mchezo ule haukutufaa, kwa sababu nikikaa tu Doto anabaki hewani, anapunga miguu akicheka, na hashuki mpaka mimi nitake. Alipotoka zahanati nilimwita tucheze. Nilikaa upande wangu polepole. Ubao ukayumba, ukasita, ukatulia katikati. Miguu yangu haikugusa chini, wala yake. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Doto yeye aliniangalia bila kucheka, kwanza miguu, halafu shingo.

"Kulwa, unaumwa?"

"Siumwi. Tumelingana."

"Mbona shingo yako iko hivyo?"

"Shuka, nitakuonyesha tena," nikasema. Alishuka, lakini hakutaka kupanda tena. Akasema atamwambia Mama. Nikamwapisha kwa jina la Bibi asiseme, na kwa kuwa pacha hamsaliti mwenzake, hakusema.

Nilianguka bombani. Nakumbuka ndoo imejaa, nakumbuka nimeinama, kisha nakumbuka matope baridi shavuni na yule yule mama wa utani anapiga mayowe. Baba alikuja anakimbia, akanibeba mgongoni mpaka zahanati, Mama nyuma yetu amesahau kuvaa viatu. Sista alinipandisha kwenye mzani wa wagonjwa, akaangalia, akanishusha, akanipandisha tena. Akafunua daftari la watoto anaowatibu, akawauliza wazazi wangu kwa upole kama na huyu alishapimwa selimundu, kwa sababu uzito huu hauna tofauti na wa mwenzake.

Sijawahi kumsikia mtu akitoa sauti aliyoitoa Mama. "Wote wawili?" akasema. "Mungu wangu, wote wawili?" Akakaa chini sakafuni.

Mimi, kitandani pale, moyo ulinijaa fahari. Niliona huzuni yao ni ya kutokujua tu, na kwamba nikiwaeleza wataelewa. "Siumwi, Mama," nikasema. "Nimejipunguza. Mimi ndiye nilikuwa nzito. Sasa hakuna hata punje."

Sista hakuelewa. Mama akainua uso akamwangalia Baba. Baba alikuwa mlangoni, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko, ameishika kofia yake. Alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliona midomo yake ikisema kitu bila sauti, kisha akageuka akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta kwa paji la uso.

Sista alininywesha uji kwa kijiko siku ile na zilizofuata. Nilikataa mpaka Doto alipoletwa, akakaa kitandani kwangu na kusema nisipokula naye hali. Nilijua hatanii, na kwake kushinda njaa ni hatari. Nikala. Kila kijiko nilichomeza nilikiona kama dhambi.

Niliporudi nyumbani injini ilikuwa imeshafungwa. Kazi iliyokula msimu mzima ilikwisha kwa siku nilizolala zahanati. Baba aliingia kwenye gari bila mbwembwe, akawasha, na Landrova likaitika kwa sauti ya chini niliyokuwa sijawahi kuisikia. Aliweka kikombe cha maji juu ya boneti. Maji yalitulia. Tulishikana mikono, mimi na Doto, tukaruka ruka na kuimba kwamba gari limepona, gari limepona, Doto haendi popote. Baba akazima gari akaingia ndani.

Ndani nilimkuta Mama ametandaza nguo zetu kitandani. Yale magauni ya kitambaa kimoja alikuwa anayatenga, hili huku, hili kule, na yalivyokuwa yanafanana alilazimika kuyapima kiunoni kwa kiganja ajue la nani. Fungu la Doto lilikwenda kwenye mfuko wa safari. Nilisimama naangalia. Nikasubiri afungue mfuko mwingine. Hakuufungua.

"Mkikaa pamoja mtauana," akasema bila kugeuka. "Bila kutaka, lakini mtauana."

Tuliondoka asubuhi kabla mvua haijaanza. Gari lilishuka milima yote ile, Mkuyuni, Kiroka, bila kutikisa hata kioo. Mtoto ambaye kila safari ilikuwa inamtesa alilala mapajani mwangu mdomo wazi, akaamka tumeshafika Kihonda. Yeye alijua tunakwenda kutembea, sote wawili. Mama alimshika mkono akaingia naye ndani, na mimi nilipotaka kufuata Baba alinikamata kwapani akanirudisha kwenye kiti. Nilimsikia Doto ndani akiniita kwa furaha. "Kulwa! Njoo uone, wana runinga!" Mjomba akatoka, akaja dirishani kwa Baba, akasema kwa sauti ndogo, "Nendeni sasa, shemeji, kabla hajajua." Na Baba akaenda.

Doto yupo, nisimtie mtu wasiwasi. Anaishi Kihonda ile ile, anafundisha chekechea, dawa za siku hizi zinamsaidia, ana mtoto. Humwita mke wa Mjomba mama. Tukikutana tunakumbatiana na kuulizana habari za kazi, na watu hutuuliza kama sisi ni mtu na binamu yake. Hatujawahi kuzungumza habari za siku ile ya runinga. Nimejaribu mara kadhaa, naye huinuka akaangalie chungu jikoni.

Siku ile, wakati wa kurudi, Mama alibaki mjini na Doto. Tulikuwa wawili kwenye gari, na kiti kati yetu kitupu. Nililia mpaka Kiroka, hapo machozi yakaisha, ikabaki hasira.

"Ulisema gari likipona Doto haendi popote."

Baba aliendesha kidogo, kisha akasimamisha gari kando ya barabara na kuzima. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Nilisema," akajibu. "Nilikudanganya, mwanangu. Mambo yalishakwisha siku ile ile aliyokuja Mjomba wako. Yeye na Mama yako walikubaliana kwamba Doto atashuka gari likipona, kwa sababu pikipiki ingemmaliza kwa baridi na mitikisiko. Mimi kule ni mgeni, Kulwa. Siwezi kumwambia shemeji hapana, kwenye ardhi yake, juu ya watoto wa ukoo wake. Nilichokuwa nacho ni tupa tu."

Sikumwelewa. Nikamwambia sijaelewa.

"Zile pistoni zililingana mapema sana. Doto aliniambia zimelingana na alisema kweli. Nilikuwa nasugua tu, nipate siku moja zaidi. Kisha nyingine." Alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo. "Sikujua kumbe na wewe unajisugua."

Akageuza ufunguo. Injini iliitika mara moja, ikatulia, na nilimchukia sana kwa kuifunga vizuri namna ile.